Hornbostel, Msikilizaji wa Mbali

Wanachuo wetu hufundishwa kuzigawa ala za muziki katika mafungu manne, na aghalabu hawaulizi mgawanyo huo umetoka wapi. Ulichapishwa mwaka 1914 na Erich von Hornbostel na rafiki yake Curt Sachs, wakiendeleza kazi ya Mahillon wa Brussels. Kwa mgawanyo huo marimba ya Kigogo hukaa pamoja na ala ambazo mwili wake wenyewe hutetema. Ngoma za muheme, zipigwazo na akina mama, huwa katika fungu la ngozi, zeze katika la nyuzi na filimbi katika la hewa.

Hornbostel alizaliwa Vienna mwaka 1877. Mama yake alikuwa mwimbaji, lakini yeye alisomea kemia kwanza. Baadaye alihamia Berlin kwa Carl Stumpf, mtaalamu wa saikolojia, akawa mkuu wa hifadhi ya sauti iliyokuwa huko.

Hifadhi hiyo iliendeshwa kwa barua. Wasafiri, wamisionari na maofisa waliokwenda makoloni walipewa mashine ya kunasa sauti, silinda za nta na maelekezo ya kuandikwa: kabla ya wimbo, mnasaji apulize kifilimbi chenye sauti maalumu, ili Berlin ijue silinda izungushwe kwa kasi gani. Maelekezo mazuri kama hayo hata mwalimu wa mazoezi angeyaonea wivu. Kwa njia hiyo Hornbostel aliandika mwaka 1909 juu ya nyimbo za Wanyamwezi, majirani wa Ugogo upande wa magharibi, ingawa hakufika Tanganyika kamwe.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwaka 1928 alieleza kwamba Mzungu huanza mdundo kwa sikio, bali Mwafrika huuanza kwa mwendo wa mwili, na kwamba kuinua mkono ni sehemu ya pigo lenyewe. Sisi twaona alifanya vema kuuliza habari za mkono. Lakini nta hainasi mkono! Mama mmoja mpiga muheme angemwonyesha asubuhi moja yale ambayo barua mia zisingeweza kumweleza. Mwaka 1955 John Blacking aliipinga nadharia hiyo kwa maandishi. Mgawanyo wa ala, uliotegemea vitu vinavyoshikika, umedumu zaidi.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Hornbostel aliondolewa kazini kwa sababu ya asili ya Kiyahudi ya mama yake. Alikwenda New York, kisha Uingereza, akafariki Cambridge mwaka 1935. Mmoja wa wanafunzi wake, Klaus Wachsmann, naye alilazimika kuihama Ujerumani. Alifika Uganda, akaongoza jumba la makumbusho la huko kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, na akanasa muziki akiwa ameketi karibu na wapigaji wenyewe.