Guglielmo Marconi na Simu ya Upepo

Mwalimu akisimama uwanjani na kuliita jina la Juma, wanafunzi wote huisikia sauti yake, lakini Juma peke yake ndiye aendaye. Akiwaamuru wote waingie darasani, wote huingia. Je, ingekuwaje kama walimu kumi wangeita kwa pamoja? Hakuna ambaye angeelewa. Shida ya namna hiyo ilimkabili Guglielmo Marconi, mmoja wa watu walioanzisha mawasiliano ya redio.

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1874, katika mji wa Bologna, nchini Italia. Alipokuwa kijana alisoma habari za Heinrich Hertz, mwanasayansi wa Ujerumani. Hertz alikuwa ameonyesha kwamba cheche za umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, nayo husafiri pasipo waya. Marconi alijiuliza kama mawimbi hayo yangeweza kuchukua habari.

Alianza majaribio nyumbani kwao. Mwaka 1895 aliunganisha mtambo wake na ardhi kwa waya mmoja, na waya mwingine akauinua juu. Ishara zilivuka kilima na kufika umbali wa kilomita 2 hivi. Kaka yake, Alfonso, aliyekuwa ng'ambo ya kilima, alipiga bunduki kuonyesha kwamba zimefika.

Mwaka 1896 Marconi alikwenda Uingereza. Mwaka uliofuata ishara zake zilivuka maji ya bahari. Habari zilipelekwa kwa nukta na vistari, kila herufi ikiwa na alama zake. Chombo hicho kiliitwa simu ya upepo.

Lakini palikuwa na kasoro. Mawimbi ya redio hutawanyika pande zote. Kila mtambo wa kupokelea uliokuwa karibu uliyapokea, hata kama habari hazikuwa zake. Mitambo miwili iliporusha kwa wakati mmoja, nukta na vistari vilichanganyika, na habari zote mbili zikapotea.

Ili kuelewa dawa ya kasoro hiyo, fikiri juu ya bembea. Ukiisukuma kwa mapigo yanayolingana na mwendo wake, hupanda juu zaidi na zaidi. Ukiisukuma ovyo, haipandi. Vivyo hivyo, mtambo wa kupokelea huweza kutengenezwa uitikie mawimbi yenye mitetemo ya kadiri moja tu. Oliver Lodge wa Uingereza alibuni njia ya kufanya hivyo mwaka 1897, na Marconi akaiendeleza mwaka 1900.

Tarehe 12 Desemba, 1901, Marconi alikuwa Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Waya wake ulining'inia kwenye tiara iliyorushwa juu katika upepo mkali. Akasikia nukta tatu zilizotoka Uingereza. Wengine hawakusadiki, kwa kuwa ni yeye na msaidizi wake tu waliosikia. Kwa hiyo mwaka 1902 alisafiri kwa meli akiwa na mtambo ulioandika ishara kwenye utepe wa karatasi, ili wote waone.

Hata hivyo kazi ilikuwa haijaisha. Mwezi wa Juni, 1903, watu walikusanyika London kuonyeshwa simu hiyo. Kabla habari za Marconi hazijafika, mtambo ulianza kuandika maneno ya dhihaka. Yalirushwa na mtu mmoja aitwaye Nevil Maskelyne, aliyetaka kuonyesha kwamba simu hiyo inaweza kuingiliwa. Mitambo ya cheche ilitoa mawimbi ya mitetemo ya kadiri nyingi kwa mara moja, hivyo mtambo wa jirani uliweza kupenya.

Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, meli ya Titanic iligonga mwamba wa barafu. Ikaita msaada kwa simu ya upepo. Meli ya Carpathia ilisikia, ikaja na kuokoa watu 700 hivi. Lakini watu wapatao 1,500 walikufa. Meli nyingine ilikuwa karibu zaidi, ila msikilizaji wake wa pekee alikuwa amekwenda kulala. Baada ya msiba huo mataifa yaliweka sheria za kusikiliza usiku na mchana.

Marconi alifariki Roma tarehe 20 Julai, 1937. Siku hizi kompyuta nyingi huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Kila moja hupewa anwani yake, na huweza kupewa hata mbili, kama mtoto mwenye jina la nyumbani na jina la shule. Habari nyingine hupelekwa kwa anwani moja, nyingine kwa zote. Habari za kwa wote zikizidi, mawasiliano hukwama, kama uwanja wenye walimu kumi wanaoita kwa pamoja.

Maswali
1. Kwa nini Alfonso alipiga bunduki?
2. Bembea inatufundisha nini juu ya mtambo wa kupokelea?
3. Kwa nini Marconi alitumia utepe wa karatasi mwaka 1902?
4. Zungusha polepole kitufe cha kutafutia stesheni kwenye redio. Unasikia nini? Eleza sababu.