Mtakatifu Jean-Marie Vianney, Padri wa Ars

Jean-Marie Vianney alizaliwa mwaka 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alichunga ng'ombe na kondoo wao. Alianza masomo ya upadri akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa, na Kilatini kilimshinda sana. Seminari ikamrudisha. Lakini Padri Balley, paroko wa Ecully, alimfundisha kwa uvumilivu, na mwaka 1815 akapata upadri. Ninyi mnaolia kwa sababu ya hesabu, mkumbukeni huyu.

Mwaka 1818 wakubwa wake walimtuma Ars, kijiji kidogo cha watu kama 230. Palikuwa na nyumba nne za pombe. Siku ya Dominika wengi walifanya kazi shambani au walilewa, vijana walicheza dansi mpaka usiku, na kanisani viti vilikuwa vitupu.

Padri mpya aliona uchungu. Alihubiri kwa nguvu juu ya ulevi na dansi. Asiyetaka kuacha dhambi yake hakupata ondoleo; aliambiwa aende, ajaribu kwanza kuiacha, kisha arudi. Wengine walimchukia na kumsengenya.

Lakini watu waliona na jambo lingine. Padri huyu aliyewakaripia siku ya Dominika alipita nyumba kwa nyumba, akiuliza habari za watoto, za wagonjwa na za mashamba. Godoro lake aliwapa maskini. Alikula viazi alivyochemsha mara moja kwa siku nyingi. Na usiku, walevi waliporudi kwao, taa ilionekana kanisani: alikuwa amepiga magoti akiwaombea haohao. Polepole nyumba za pombe zikafungwa, moja baada ya nyingine.

Habari zake zikaenea. Watu wakaja kutoka mbali kuungama kwake, mamia kila siku, wakingoja zamu yao kwa siku kadhaa. Wakati wa joto alikaa katika kiti cha maungamo mpaka saa 16 kwa siku.

Sikilizeni vizuri hapa, watoto, maana wengi hukosea. Padri Vianney hakusema kamwe kwamba dhambi ni kitu kidogo. Mtu mmoja aliyeungama bila huzuni alimwona padri analia, akamwuliza sababu. Padri akamjibu kwamba analia kwa sababu yeye mwenyewe halii. Tena, mwanzoni aliwapa watu malipizi makali. Miaka ilipopita alijifunza kuwapa malipizi madogo. Padri mwenzake alishangaa, akataka kujua afanyavyo. Akaambiwa kwamba sehemu inayobaki, padri anailipa mwenyewe, kwa kufunga na kukesha. Deni halikufutwa bure. Mimi naona huruma ya namna hii ni ngumu kuliko ukali.

Mwaka 1852 mtu mmoja alifika Ars pamoja na rafiki yake. Kuungama hakutaka. Alichukua bunduki na mbwa wake mzuri wa kuwindia, watu wadhani anapita tu. Padri alipotoka kanisani alisimama mbele yake, akamtazama mbwa, akamsifu. Kisha akamwambia mwenye mbwa kwamba angefurahi kama roho yake ingekuwa nzuri kama mbwa wake. Mwindaji akainamisha kichwa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemshika mkono. Akaacha bunduki na mbwa, akaingia kanisani, akaungama huku machozi yanamtoka. Baadaye akawa mmonaki katika monasteri ya Aiguebelle.

Baba Mtakatifu Pius XI alimwandika Padri Vianney katika hesabu ya watakatifu mwaka 1925. Lakini yeye alikuwa amekwisha kufa zamani. Tarehe 29 Julai 1859, siku ya joto kali, mzee huyu wa miaka 73 alikaa tena katika kiti cha maungamo, ingawa hewa ilimpungukia. Jioni nguvu zilimwishia. Tarehe 4 Agosti, kabla ya mapambazuko, akafa kwa amani. Na nje wenye dhambi walikuwa bado wanangoja.