Maisha ya Bwana Joseph Chamberlain na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi



Baada ya hesabu za fedha na habari za kazi za chama, tumeona vema kuweka katika taarifa hii maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zamani. Hatukumchagua kwa sababu tunampenda katika mambo yote, maana yapo matendo yake ambayo Mwafrika hawezi kuyasifu. Tumemchagua kwa sababu jambo moja alilolipigania linawahusu wanachama wetu wengi wa Kitui na Makueni walio na vinu vya kusaga unga, mabucha, karakana za kuchomea vyuma, maduka ya mbao na matanuri ya matofali, nao wameajiri mtu mmoja, wawili au watano. Wahenga walisema ajali haina kinga. Maneno hayo ni kweli. Lakini ajali isiyo na kinga yaweza kuwa na fidia, na habari za mtu huyu zitatuonyesha jinsi fidia hiyo ilivyoanza.

Joseph Chamberlain alizaliwa London tarehe 8 Julai, mwaka wa 1836. Baba yake alikuwa mfanyi biashara ya viatu. Mtoto alitolewa shule alipokuwa na umri wa miaka 16 akaingia katika biashara ya baba yake, na miaka miwili baadaye alipelekwa mji wa Birmingham, ambako jamaa zake wa ukoo wa Nettlefold walikuwa na kiwanda cha skrubu. Birmingham ulikuwa mji wa mafundi, wenye viwanda vikubwa vichache na karakana ndogo nyingi mno. Huko kijana alijifunza kuweka hesabu na kuuza bidhaa, na pia aliona kwa macho yake jinsi mashine inavyoweza kumla mtu kidole au mkono. Alipoacha biashara mwaka wa 1874 alikuwa tajiri.

Inafaa tueleze sheria ya Uingereza ilivyokuwa siku zile. Mwaka wa 1837, yaani mwaka mmoja baada ya kuzaliwa kwake, ilikatwa kesi ya mwenye bucha mmoja, jina lake Fowler, na mtumishi wake Priestley. Mtumishi alitumwa kupeleka nyama kwa gari lililopakiwa kupita kiasi. Gari likavunjika, naye akavunjika paja. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100, lakini majaji wa juu wakaitengua hukumu hiyo. Walishika kwamba mtumishi hakulazimishwa kufanya kazi ile, na kwamba angeweza kuona hatari kama bwana wake alivyoweza. Tangu hapo, mfanyakazi aliyeumizwa kwa kosa la mwenzake kazini hakuweza kumdai tajiri wake. Sheria ya mwaka wa 1880 ililegeza jambo hilo kidogo, walakini mfanyakazi bado alitakiwa kuthibitisha kosa, na maskini aliyelala kitandani na mguu uliovunjika aghalabu hana mashahidi wala fedha za mwanasheria.

Bwana Chamberlain alikuwa Meya wa Birmingham tangu mwaka wa 1873 hata 1876. Katika miaka hiyo mji ulinunua makampuni ya gesi na ya maji, ukabomoa mitaa michafu. Mwaka wa 1876 aliingia Bungeni, na mwaka wa 1880 akawa waziri wa mambo ya biashara. Mwaka wa 1884 alileta mswada wa kuwalinda mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini katika merikebu mbovu. Wenye merikebu walimpinga kwa nguvu, na mswada ukaondolewa. Twaamini kwamba alijifunza jambo hapo: tajiri ambaye hapati hasara kwa kifo cha mtumishi wake hatakuwa mwepesi wa kukizuia.

Mwaka wa 1893 Serikali ya wakati ule ilileta mswada mwingine juu ya ajali za kazini. Bwana Chamberlain alisimama akatoa shauri jipya. Alitaka swali la kosa liachwe kabisa. Kwa maoni yake, ajali ni sehemu ya gharama za kazi, kama makaa ya mawe na chuma zilivyo gharama, na anayepata faida ya kazi ndiye apasaye kulipa gharama zake zote. Mswada ule ulikufa, lakini shauri lake halikufa. Mwaka wa 1895 aliingia tena Serikalini, safari hii akiwa Waziri wa Makoloni. Ijapokuwa mambo ya viwanda hayakuwa katika wizara yake, yeye ndiye aliyekuwa nguvu ya sheria iliyopitishwa mwaka wa 1897 na kuanza kutumika mwezi wa Julai, 1898.

Sheria hiyo iliamuru hivi. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, wanaomtegemea walipwe mshahara wake wa miaka mitatu, usiopungua pauni 150 wala kuzidi pauni 300. Akiumia asiweze kufanya kazi, alipwe nusu ya mshahara wake, isiyozidi pauni 1 kwa juma, baada ya majuma mawili ya kwanza. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha kosa la mtu.

Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, iliwashika watu wa reli, viwanda, migodi na kazi nyingine chache za hatari, ikawaacha wengine wengi. Wafanyakazi wa mashamba waliingizwa mwaka wa 1900. Mabaharia, watumishi wa nyumbani na watu wa karakana ndogo walingoja hata mwaka wa 1906. Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa biashara ndogo. Sheria ilimwamuru tajiri alipe, lakini haikumlazimisha kukata bima. Ujerumani ilikuwa imefanya namna nyingine tangu mwaka wa 1884, kwa kuwaunganisha waajiri katika vyama ambavyo kila mmoja alilazimika kuvichangia. Katika Uingereza, mwenye kiwanda kikubwa aliweza kulipa kutoka katika mfuko wake. Lakini mwenye karakana ya watu wanne asiye na bima, akipatwa na ajali moja kubwa, alifilisika. Na akifilisika, mjane wa marehemu alibaki na hukumu mkononi na chungu kitupu jikoni. Haki isiyo na fedha nyuma yake ni ahadi tu.

Sasa tufike katika nchi yetu. Mwezi wa Desemba, 1902, akiwa njiani kwenda Afrika ya Kusini, Bwana Chamberlain alishuka Mombasa akapanda gari la moshi kuelekea Nairobi. Njia hiyo hupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, yaani katikati ya Makueni yetu. Reli ilikuwa imeanza kujengwa mwaka wa 1896 na kufika Ziwani mwaka wa 1901. Kati ya Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kuijenga, karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Hesabu hiyo haiwataji Waafrika. Mtu aliyewapigania watu wa reli wa Uingereza alipita juu ya reli hiyo, na sheria yake haikuwa imefika huku. Ni kweli nchi hii wakati ule ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, wala si chini yake. Lakini mwaka uliofuata alitoa shauri kwamba Wayahudi wapewe sehemu ya nchi hii wakae, na wenye nchi hawakuulizwa. Tena, vita vya Makaburu vya mwaka wa 1899 hata 1902 vilikuwa na mkono wake. Basi haki aliyoiona wazi katika kiwanda cha Birmingham hakuiona alipochungulia dirisha la gari la moshi katika nchi ya Wakamba.

Aliacha uwaziri mwaka wa 1903. Mwezi wa Julai, 1906, muda mfupi baada ya kutimiza miaka 70, alipatwa na kiharusi. Na mtu aliyeogopwa kwa ufasaha wake akawa hawezi kusema vizuri. Alikufa tarehe 2 Julai, 1914, akazikwa Birmingham. Hakupata kuwa Waziri Mkuu, ingawa mwanawe Neville alipata.

Katika Kenya, sheria ya fidia kwa wafanyakazi iliwekwa baada ya Vita Kuu ya Pili, takribani miaka 50 baada ya ile ya Uingereza. Mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007. Sheria hii imeziba ile kasoro ya pili: kila mwajiri ametakiwa kuwa na hati ya bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Haikusema mwajiri mkubwa peke yake. Mwenye kinu cha Mutomo au Wote ni mwajiri sawa na mwenye kiwanda cha Nairobi. Mwezi wa Desemba, 2019, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Natupige hesabu kidogo. Sheria humpa mtu aliyepoteza kabisa na kwa daima uwezo wa kufanya kazi fidia ya mshahara wa miezi 96. Ikiwa mwenye kinu humlipa kijana wake shilingi 15,000 kwa mwezi, deni ni shilingi 1,440,000. Ni nani kati yetu atakayelipa fedha hizo asiuze kinu, ng'ombe na shamba? Wala tusidanganyike kwamba michango ya uzeeni na ya matibabu inatosha, kwa kuwa hiyo ni mifuko mingine. Kwa hiyo tunawasihi wanachama wenye waajiriwa wafanye mambo matatu: wakate bima hiyo, waweke daftari la majina na mishahara, na ajali ikitokea, waiarifu ofisi ya Mkurugenzi katika siku 7 tangu walipopata habari.

Sisi Wakamba tuna mwethya. Mtu mmoja hawezi kuinua paa la nyumba, lakini kijiji huliinua kabla ya jua kupanda. Bima si kitu kigeni kwetu. Ni mwethya wa fedha, ambamo waajiri wengi huchanga kidogo kidogo ili siku ya msiba asianguke mmoja peke yake. Michango yetu ya harambee ni ya heshima, na tutaiendeleza. Lakini huja baada ya msiba, nayo hutegemea huruma ya watu. Aliyekatwa mkono katika kazi yetu haombi huruma, anadai haki yake. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mtumishi wetu tusiuone kama usufi, maana ameubeba kwa ajili yetu.