Melanie Klein

Melanie Klein (Vienna, 30 Machi 1882 – London, 22 Septemba 1960) alikuwa mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi (saikoanalisia) kutoka Austria, aliyefanya kazi kwa muda mrefu nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kutumia mchezo kama njia ya kuwaelewa na kuwatibu watoto wadogo. Mmoja wa watoto hao, anayeitwa Dick katika maandishi yake, anahesabiwa leo na wataalamu wengi kuwa alikuwa na usonji, ingawa wakati huo madaktari wengi hawakuifahamu hali hiyo.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi akiwa mtoto wa mwisho kati ya wanne. Baba yake, Moriz Reizes, alikuwa daktari. Mama yake, Libussa, aliendesha duka. Dada yake Sidonie alifariki Melanie akiwa na miaka minne hivi, na kaka yake Emanuel alifariki mwaka 1902. Melanie alitamani kusomea udaktari, lakini hakupata nafasi hiyo. Mwaka 1903 aliolewa na mhandisi Arthur Klein, wakapata watoto watatu. Ndoa hiyo haikuwa na furaha, na baadaye ilivunjika.

Familia ilipohamia Budapest, alisoma maandishi ya Sigmund Freud na kutibiwa na Sándor Ferenczi, ambaye alimhimiza kufanya kazi na watoto. Mwaka 1921 alihamia Berlin, na mwaka 1926 London, alikoishi hadi kufa.

Mbinu ya mchezo

Freud aliwatibu watu wazima kwa kuwasikiliza wakizungumza. Mtoto mdogo hawezi kulala kitandani na kusimulia maisha yake. Klein aliona kuwa mtoto husema kwa kucheza: namna anavyopanga, kugonganisha, kuvunja au kuficha vitu huonyesha hofu na matamanio yake.

Huko Berlin alimtibu msichana wa miaka saba aliyechukia shule na kukaa kimya mbele yake. Klein alikwenda katika chumba cha watoto wake mwenyewe, akachukua vigari, wanasesere wadogo, matofali ya kuchezea na treni, akaviweka ndani ya sanduku na kumletea. Msichana akaanza kucheza. Tangu hapo kila mtoto alikuwa na droo yake yenye kufuli, ikiwa na watu wadogo wa mbao, wanyama, magari, mipira, gololi, karatasi, mkasi, penseli na kamba. Maji pia yalikuwepo chumbani. Vitu hivyo vilikuwa vidogo na vya kawaida, ili mtoto mwenyewe aamue maana yake.

Mtoto Dick

Mwaka 1929 Klein alianza kumtibu Dick, mvulana wa miaka minne. Maneno yake yalikuwa machache, hakucheza, na hakujali kama yaya wake yupo au ameondoka. Alizunguka chumbani bila lengo, akimpita Klein kana kwamba ni kiti au meza. Mambo machache tu yalimvutia: treni, vituo vya treni, milango na vishikio vyake.

Kwa kuwa Dick hakucheza, Klein hakuweza kungoja mchezo uanze wenyewe kama ilivyokuwa kawaida yake. Alianzia kwenye kile alichokipenda mtoto. Alichukua treni kubwa na ndogo, akaiita ya kwanza baba na ya pili Dick. Mvulana akaichukua ile ndogo, akaisukuma hadi dirishani na kutamka neno kituo. Katika vikao vilivyofuata alianza kumwita yaya wake na kumpokea kwa furaha, na maneno yake yakaongezeka. Klein alichapisha taarifa ya matibabu hayo mwaka 1930. Yeye aliona kuwa ni skizofrenia ya utotoni. Leo Kanner alieleza usonji wa watoto huko Marekani miaka 13 baadaye, mwaka 1943, na Hans Asperger huko Vienna mwaka 1944.

Mabishano

Anna Freud, binti ya Sigmund Freud, alipinga namna Klein alivyofasiri kila mchezo kuwa fumbo la hisia zilizofichika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mabishano hayo karibu yaligawanye chama cha wachanganuzi cha Uingereza. Melitta, binti ya Klein ambaye naye alikuwa mchanganuzi, alisimama hadharani upande wa wapinzani wa mama yake. Hawakupatana tena.

Athari

Maelezo ya Klein kwamba ukimya wa Dick ulitokana na hofu ya hasira yake mwenyewe dhidi ya mama yake hayakubaliwi tena na wengi. Usonji sasa unajulikana kuwa hali ya ukuaji wa ubongo. Hausababishwi na malezi mabaya, wala tiba ya mchezo haiuondoi. Hata hivyo, mchezo humsaidia mtoto kuwasiliana, kupokezana zamu na kuwa karibu na wengine. Kuanza na kitu anachokipenda mtoto, hata kama ni kimoja tu, ni desturi ya walimu, wazazi na watabibu wengi hadi leo.

Baada ya Klein, Virginia Axline wa Marekani aliandika mwaka 1947 kuhusu tiba ambayo mtoto mwenyewe huongoza mchezo. Nchini Uingereza Frances Tustin, aliyefuata mapokeo ya Klein, aliandika kuhusu watoto wenye usonji mwaka 1972.