Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa aliyesomea wadudu

Mie ni mtu wa Likoni, lakini huu ni mwaka wa kumi na mbili naishi Shirere, hapa Kakamega, mji wa mvua na mahindi. Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu kutoka nyumbani, kachukia kweli. Mwanawe ameitwa chuo kikuu huku bara, na kozi aliyopewa ni ya wadudu. Dada asema hakuuza mahamri miaka yote hiyo ili mtoto aje awe mkimbiza panzi. Akanitaka mimi, mjomba mtu, nimkanye kijana abadilishe.

Sikumkanya. Nilimsimulia habari za Thomas Risley Odhiambo, na leo nawasimulia nanyi, maana alizaliwa papo hapo Mombasa, tarehe 4 Februari 1931, na wengi wetu hatumjui.

Alisoma Maseno, si mbali na hapa nilipo, kisha Makerere. Akaajiriwa katika idara ya kilimo Uganda, akishughulika na wadudu waharibuo mimea. Baadaye akaenda Cambridge, Uingereza, chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa elimu ya miili ya wadudu. Huko alimchunguza nzige wa jangwani. Nzige dume akibaleghe hugeuka rangi ya manjano. Nyuma ya ubongo wake kuna tezi ndogo sana, na ukiitoa mapema, nzige yule hageuki manjano wala hatamani jike. Umri unapita, utu uzima hauji. Mpwa wangu alinyamaza hapo, akaniomba nirudie.

Odhiambo alirudi Nairobi katikati ya miaka ya 1960 kufundisha. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, akitaka vituo vya utafiti wa hali ya juu vijengwe hapa hapa. Wako walioona ni ndoto. Mwaka 1970 kituo kikaanza, ICIPE, katika vyumba vya kuazima pale Chiromo. Leo makao yake yako Kasarani na yaitwa Duduville. Jina hilo hunichekesha kila nikilitaja: neno letu lile lile la kumdharau mtu limewekwa langoni.

Miongoni mwa wadudu waliochunguzwa ni mbung'o, ambaye wafugaji wa Kwale wamjua vyema. Hapa ndipo hesabu inapoingia. Mbung'o jike hatagi mayai mengi kama nzi wa jikoni. Huzaa mtoto mmoja mmoja, kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Kwa hivyo umri wake ni jambo kubwa, na wataalamu huusoma: kwa jike hutazama ovari, kwa dume hutazama ncha za mbawa, kwani bawa huchakaa na kuchanika kama tanga la jahazi. Ukishajua wanaishi siku ngapi na wanazaa mara ngapi, waweza kupiga hesabu. Si lazima uwaue wote kwa siku moja. Ukiongeza vifo vya majike kwa asilimia 4 hivi kila siku, idadi yao hushuka. Kule Nguruman, katika miaka ya 1980, watafiti wa ICIPE walitega mitego ya kitambaa yenye harufu ya asetoni na mkojo wa ng'ombe, na mbung'o wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Aliongoza kituo hadi 1994. Nionavyo mimi, alikaa mno, na mkulima mdogo alingojea sana kabla ya kuona faida shambani. Lakini mwaka 1983 alianzisha na vyuo vikuu vya Afrika mpango wa kusomesha madaktari wa elimu ya wadudu, akawa rais wa kwanza wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, na mwaka 1987 akapewa Tuzo ya Afrika ya uongozi wa kumaliza njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Alifariki tarehe 26 Mei 2003.

Kijana amekuja Shirere kunitembelea. Jirani yangu amepanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nepia pembeni, mbinu iliyotoka kituo cha ICIPE cha Mbita pamoja na Waingereza wa Rothamsted. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, nepia huwavuta nje, na mizizi ya desmodiamu hulizuia lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mahindi. Mpwa wangu amekaa humo siku mbili na daftari, ahesabu mabua yaliyotobolewa.

Jana usiku dada alipiga simu. Hakutaja panzi. Aliuliza tu baridi ya Kakamega yataka sweta ngapi.