Rosine Krapf: Ruthu aliyezikwa Mombasa

Kama Ruthu wa Biblia aliyeiacha Moabu, nchi ya wazazi wake, Rosine Dietrich wa Basel, Uswisi, aliiacha nchi yake akaolewa nchini Misri mwaka 1842 na mmisionari Johann Ludwig Krapf. Nia yao ilikuwa kuwafikishia Injili Waoromo. Wakiwa safarini, katika nyika za pwani ya Bahari ya Shamu, walimzika binti yao wa kwanza.

Mwaka 1844 walifika Mombasa, wakitumaini kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini, wakiwemo Waorma wa Mto Tana ambao mlango wake uko Ozi. Julai 13 mwaka huohuo, homa ilimuua Rosine siku chache baada ya kujifungua. Mtoto naye akafuata.

Aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi liwakumbushe Wamijikenda wapitao sababu ya ujio wao. Ozi hakuifikia. Wamethodisti ndio waliofungua misheni Golbanti, kwenye Mto Tana, ambako mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa. Kaburi la Rosine lingalipo Mombasa.