Santō Kyōden: Mtunzi wa Nakshi za Mzaha

Jina la Santō Kyōden halijazoeleka katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, ilhali maisha yake yanagusa suala ambalo mtafiti wa kanga hulikabili kila mara, yaani uhusiano wa nakshi na neno.

Kyōden alizaliwa mwaka 1761 mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, katika familia ya duka la rehani. Ujanani alijifunza uchoraji kwa Kitao Shigemasa, na michoro yake akaitia saini kwa jina la Kitao Masanobu. Alipoanza kutunga hadithi za mzaha, aliandika na kuchora mwenyewe. Hadithi yake iliyovuma zaidi, inayomkejeli kijana tajiri anayetafuta sifa za mapenzi, ilitoka mwaka 1785.

Katika kipindi hicho alitoa pia vitabu vya nakshi: Komonzai (1784), Komon shinpō (1786) na Komongawa (1790). Vilichapishwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, vikiiga vitabu vya mitindo ya kimono. Aliyetazama kwa mbali aliona nakshi ndogo ndogo zinazojirudia kwa utaratibu. Aliyesogea aligundua kuwa ni mikunga iliyofungamana, au vitu vingine vya kila siku. Kila nakshi ilikuwa na jina na maelezo mafupi yanayocheza na sauti za maneno. Utani ulikamilika pale tu picha na jina viliposomwa pamoja.

Mwaka 1791 serikali, iliyokuwa ikikaza maadili chini ya Matsudaira Sadanobu, ilimtia hatiani kwa hadithi tatu za mitaa ya starehe. Alitiwa pingu nyumbani kwake kwa siku 50, na mchapishaji wake, Tsutaya Jūzaburō, akanyang'anywa nusu ya mali. Kyōden aliuacha utanzu huo. Mnamo 1793 alifungua duka la mifuko ya tumbaku na viko, akalitangaza kwa mafumbo ya picha. Baadaye alitunga riwaya ndefu na kutafiti mila za kale za mji wake, hadi alipofariki mwaka 1816.

Ni rahisi kuhukumu kwamba adhabu ilimnyamazisha. Hata hivyo, matangazo ya duka lake yanaonyesha kwamba hakuuacha ustadi wa kuficha neno ndani ya picha. Alibadili mahali pa kuutumia. Jambo hili si geni kwetu. Mwanamke wa Genkuru, mkoani Mara, anapochagua kanga, hutazama pindo na mji, kisha husoma jina. Na akiivaa, huweza kumfikishia jirani ujumbe bila kufungua kinywa. Tofauti ni kwamba nakshi za Kyōden zilibuniwa zichekeshe kitabuni, ilhali kanga hukamilisha maana yake mwilini mwa mvaaji. Kwa hiyo, anayechambua jina la kanga akaiacha nakshi yake amesoma nusu tu ya matini.